Kugundua Molekuli kwa Vipimajoto Vidogo na Chembe Nano za Sumaku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kipimajoto kinagunduaje molekuli? Si kazi yake kupima joto tu?

Ni kazi yake hiyo hiyo, na uzuri wa njia hii umo humo. Kipimajoto hakiioni molekuli hata kidogo. Tunachofanya ni kuibebesha molekuli tunayoitafuta mzigo unaotoa joto tukiuamuru. Mzigo huo ni chembe nano ya sumaku, yaani punje ya sumaku iliyo ndogo mno.

Kwa kawaida kazi huenda hivi. Kwenye uso mdogo, tuseme kipande cha kioo kilichopakwa filamu ya platini (metali ambayo hapa ndiyo kipimajoto chetu), hubandikwa kingamwili zinazoshika protini moja tu. Ukidondosha sampuli juu yake, protini hiyo ikiwemo inanaswa na nyingine zote zinapita. Kisha unaongeza kingamwili za pili, ambazo kila moja imefungwa kwenye chembe ya sumaku. Protini sasa imebanwa katikati, chini kingamwili, juu kingamwili na chembe yake. Unaosha mara kadhaa ili chembe zisizoshika kitu ziondoke. Baada ya hapo unawasha uga wa sumaku unaogeuka-geuka kwa kasi, chembe zilizobaki zinapata moto, na platini iliyo chini yake inasoma joto hilo. Molekuli zikiwa nyingi, joto ni jingi. Zisipokuwepo, pasibaki chembe na pasipande joto.

Naomba uishike hoja hii tangu mwanzo, maana karibu kila kosa ninaloliona kwa wanaoanza linatokana na kuisahau: anayechagua ni kingamwili, kipimajoto kinahesabu tu.

Kwa nini tusipime joto la molekuli yenyewe bila kuhangaika na sumaku?

Kwa baadhi ya molekuli inawezekana, na imefanyika tangu miaka ya 1970. Huko Lund, Sweden, Klaus Mosbach na Bengt Danielsson walijenga kifaa ambamo kimeng'enya kimefungiwa ndani ya mrija mdogo, na themista (kipande cha kauri ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika sana na joto) kimewekwa pale kimiminika kinapotokea. Glukosi ikipita juu ya kimeng'enya chake inaunguzwa taratibu na kutoa takriban kilojuli 80 kwa kila moli. Piga hesabu mwenyewe: milimoli 1 ya glukosi katika lita moja ya maji hutoa juli 80, na lita moja ya maji huhitaji karibu juli 4,180 ili ipande digrii moja. Kwa hiyo ongezeko ni kama digrii 0.019. Ni dogo, lakini themista nzuri hulisoma bila shida.

Sasa chukua protini iliyo nanomoli 1 tu kwa lita, kiwango cha kawaida kwa alama nyingi za magonjwa. Hata ikitoa kilojuli 100 kwa moli pale inaposhikwa na kingamwili, maji yatapanda digrii 0.000000024. Hapo hakuna kipimajoto kitakachokusaidia. Tena joto hilo hutoka mara moja tu, molekuli ikishashikwa basi.

Chembe ya sumaku haichoki. Inatoa joto kwa muda wote uga unapowaka. Chembe ya magnetaiti yenye kipenyo cha nanomita 20 ina uzito wa gramu 2.2 zilizogawanywa kwa 10 mara kumi na saba mfululizo. Ikitoa wati 100 kwa gramu, kiwango ambacho chembe za kawaida hukifikia, basi ndani ya sekunde moja tu imetoa joto zaidi ya mara 13,000 ya lile ambalo molekuli moja ingetoa kwa kushikwa. Ndani ya dakika inakaribia mara laki nane. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na sumaku.

Chembe hizi ni nini hasa? Ni vumbi la chuma?

Ni oksidi ya chuma, ama magnetaiti ama ndugu yake maghemaiti, iliyotengenezwa kwa punje za nanomita 5 hadi 30 hivi, kisha ikavishwa ganda la dekstrani, silika au polima nyingine ili punje zisigandane na ili kingamwili zipate pa kushikia.

Udogo wake una maana. Kipande kikubwa cha magnetaiti kikiwekwa karibu na sumaku kinabaki na usumaku hata sumaku ikiondolewa. Punje ikiwa ndogo vya kutosha, mtikisiko wa joto la kawaida la chumbani unatosha kuugeuza-geuza usumaku wake huku na huku, hivyo uga ukizimwa punje inasahau kila kitu. Ni jambo jema sana kwetu: punje hazivutani zenyewe kwa zenyewe ndani ya chupa, lakini ukileta sumaku zinaitika mara moja. Ukishawahi kuona mchanganyiko wa kahawia uliotulia ndani ya kijichupa ukisogea wote upande mmoja sumaku inapokaribia, ukaacha maji meupe nyuma yake, huwezi kuisahau picha hiyo.

Kuna pia shanga kubwa zaidi, za mikromita 1 hadi 5, ambazo ni plastiki iliyojazwa maelfu ya punje hizo ndani yake. Chanzo chake ni kazi ya John Ugelstad wa Norwei, aliyefanikiwa miaka ya 1970 kutengeneza vidonge vya plastiki vyenye ukubwa ulio sawasawa. Shanga hizo hutoa joto zaidi kwa kila moja, ila ni nzito na huzama.

Zinapataje moto?

Uga wa sumaku ukigeuka, usumaku wa punje unajaribu kuufuata. Una njia mbili. Ya kwanza, usumaku unageuka ndani ya punje huku punje yenyewe imetulia; njia hii ina jina la Louis Néel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Ya pili, punje nzima inazunguka ndani ya kimiminika. Hii inaitwa ya Brown. Kwa njia zote mbili usumaku unachelewa kidogo nyuma ya uga, na kile kinachopotea katika kuchelewa huko kinageuka joto. Masafa yanayotumika huwa ya kilohezi mia moja hadi mia kadhaa.

Kuna mtego hapa ambao watu wengi hawautarajii. Chembe ikishashikwa juu ya uso, haiwezi tena kuzunguka. Ikiwa ilikuwa inategemea njia ya Brown, joto lake linashuka pale pale ilipofanikiwa kumshika mlengwa! Kwa kazi ya kubandika usoni chagua chembe zinazopata moto kwa njia ya Néel. Na usikubali namba ya wati kwa gramu iliyopimwa chembe zikiwa huru ndani ya maji ukadhani itabaki ile ile zikiwa zimebanwa.

Chembe moja inaweza kupimwa peke yake?

Kwa joto, hapana. Hesabu ni fupi na inafaa kila mtu aifanye mara moja maishani. Chembe yetu ya nanomita 20 inatoa wati 2.2 zilizogawanywa kwa 10 mara kumi na tano. Maji yanalipokea joto hilo na kulisambaza haraka mno, kiasi kwamba uso wa chembe unazidi maji ya pembeni kwa takriban digrii 0.00000003. Ni kama mtu mmoja kupumua ndani ya uwanja wa mpira akitarajia uwanja upate joto.

Nguvu iko kwenye umati. Mikrolita 10 za sampuli yenye nanomoli 1 kwa lita zina molekuli karibu bilioni 6. Kila moja ikibeba chembe moja, zote pamoja zinatoa mikrowati 13. Zikikusanywa kwenye tone la mikrolita moja, tone hilo linapanda digrii 0.003 kila sekunde kama hakuna joto linalovuja. Sekunde kumi, digrii 0.03. Tayari tuko mahali ambapo vifaa vya kawaida vinasoma.

Shuka hadi pikomoli, yaani mara elfu chini, na hesabu inakuwa ngumu tena. Usidanganywe na michoro mizuri: kwenye viwango hivyo lazima uongeze punje kwa kila molekuli, au upunguze tone, au yote mawili.

Kwa nini kipimajoto kiwe kidogo?

Kwa sababu kipimajoto nacho kinakula joto. Kama kina uzito kuliko tone unalolipima, joto la chembe litakwenda kukipasha moto chenyewe. Udogo unaleta pia wepesi: joto huhitaji sekunde chache kuvuka milimita moja ya maji, lakini sehemu moja ya kumi ya milimita hulivuka chini ya sekunde 0.1. Kipimajoto kilicho karibu na chembe kinaliona joto kabla halijatawanyika.

Aina gani zinatumika?

Platini ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mtu anayeanza. Ukinzani wake unapanda kwa mstari karibu ulionyooka: kipande cha omu 100 kwenye digrii 0 kinafika omu 138.5 kwenye digrii 100. Udhaifu wake ni ishara ndogo. Badiliko la digrii 0.001 ni omu 0.000385 tu. Themista ya omu 10,000 inakupa karibu omu 0.4 kwa badiliko lile lile, kwa kuwa ukinzani wake hushuka kama asilimia 4 kwa kila digrii. Lakini themista hujipasha moto kwa umeme ule ule unaoutumia kuisoma, kwa hiyo ipe mkondo mdogo kadiri inavyowezekana.

Halafu kuna vile vidogo kabisa, ambavyo navyo ni chembe nano. Vipande vya almasi vyenye kasoro maalumu, pale ambapo atomu moja ya nitrojeni imekaa kando ya nafasi tupu, hung'aa kwa wekundu vikimulikwa na leza ya kijani, na mng'ao huo hufifia kwa mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi 2.87. Joto likipanda digrii moja, masafa hayo yanashuka kwa kilohezi 74. Zipo pia fuwele zenye erbiamu ambazo hutoa mistari miwili ya kijani, na uwiano wa nguvu ya mistari hiyo unakuambia joto. Faida kubwa ya hizi ni kwamba zinasomwa kwa mwanga, bila waya.

Waya za kipimajoto hazipati moto zenyewe ndani ya uga?

Zinapata, na hili limepotezea watu miezi. Uga unaogeuka-geuka huzalisha mikondo ndani ya metali yoyote iliyo karibu, na mikondo hiyo ni joto.

Nilijifunza kwa njia ngumu. Nilikuwa nimeweka kijichupa cha chembe ndani ya koili ya bomba la shaba inayozalisha uga, kipimajoto cha waya mbili kimezama katikati, nikawasha. Mstari kwenye skrini ukapanda vizuri kabisa, ukiwa laini kama uliochorwa kwa rula, nami nikaandika matokeo kwa furaha. Jioni nilirudia kwa maji matupu ili nikamilishe daftari. Mstari ukapanda tena, karibu sawa na ule wa kwanza. Nikainua waya kutoka kwenye maji ukiwa bado ndani ya koili, na usomaji ukaruka juu zaidi. Wiki tatu za vipimo zilikuwa za joto la waya.

Dawa yake ni mojawapo ya hizi: tumia kipimajoto cha nyuzi za mwanga, ambacho hakina metali, au tengeneza filamu ya platini nyembamba sana, yenye njia inayokwenda na kurudi sambamba ili mikondo ijifute, au washa uga, uzime, kisha soma sekunde hiyo hiyo. Na usisahau kuwa koili nayo ina joto. Hata ikipitishiwa maji baridi ndani ya bomba, hewa iliyoizunguka hupanda taratibu na kuivuta sampuli yako pamoja nayo.

Nitajuaje kwamba joto limetoka kwa molekuli ninayoitafuta?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Chembe zina tabia ya kung'ang'ania mahali pasipo na mlengwa: kwenye plastiki, kwenye kioo, kwenye protini nyingine yoyote iliyotua usoni. Chembe iliyong'ang'ania kwa bahati mbaya inatoa joto sawasawa na iliyoshika kwa haki. Kipimajoto hakiwezi kuzitofautisha.

Ndiyo maana uso hufunikwa kwanza kwa protini isiyo na kazi, kama albumini, ili kuziba nafasi zilizo wazi. Ndiyo maana tunaosha, tunaosha, na tunaosha tena. Na ndiyo maana kila kipimo lazima kiandamane na sampuli tupu iliyopitia hatua zile zile, kwa chembe zile zile, kwa muda ule ule, ikikosa molekuli peke yake. Rudia sampuli tupu hiyo mara nyingi, angalia inavyoyumba, kisha kubali kuwa umegundua kitu pale tu ishara inapozidi wastani wa sampuli tupu kwa mara tatu au zaidi ya mkengeuko wake, yaani kipimo cha kuyumba huko. Mtu akinionyesha kifaa chake, swali langu la kwanza huwa ni sampuli tupu ilisoma ngapi. Usikivu wa kipimajoto nauliza baadaye.

Mbinu moja ya ziada inasaidia sana: washa na uzime uga kwa mapigo ya kudumu, tuseme sekunde tano juu na tano chini, kisha tafuta kwenye usomaji sehemu inayocheza kwa mapigo hayo tu. Joto la chumba linalopanda polepole halifuati mapigo yako, kwa hiyo linajichuja.

Kwa nini sumaku, na si dhahabu au rangi?

Damu, mate, mkojo na maji ya mtoni karibu havina usumaku. Vinaweza kuwa na tope, rangi au mng'ao unaovuruga vipimo vya mwanga, lakini uga wa sumaku unapita ndani yake kana kwamba havipo. Pia chembe za sumaku zinaweza kuvutwa: unaziachia ndani ya sampuli kubwa zikakusanye molekuli, kisha unazileta zote kwa sumaku mahali kipimajoto kilipo. Rangi haina uwezo huo.

Dhahabu nayo ina nafasi yake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichukua vijiti vya kupimia vya kawaida, vile vyenye mstari unaoonekana kwa macho, ambavyo mstari wake ni chembe nano za dhahabu. Walizimulika kwa leza na kupima joto lake, wakapata usikivu ulio mara 32 ya jicho. Wazo ni lile lile la kuhesabu lebo kwa joto, ila leza inahitaji kuifikia chembe, na uga hauhitaji.

Je, almasi na chembe ya sumaku zinaweza kufanya kazi zikiwa zimeunganishwa?

Zinaweza, na kwangu ndiyo sehemu inayosisimua zaidi ya fani hii. Almasi ile yenye kasoro inahisi joto na sumaku kwa pamoja. Joto linasogeza mistari yake miwili, yaani masafa ya maikrowevu yanayoufifisha mng'ao wake, kwa upande mmoja; uga wa sumaku unaitenganisha, mmoja juu na mwingine chini. Ukiisoma yote miwili unapata habari mbili kutoka kwenye punje moja.

Sasa weka kando yake chembe ya aloi ya shaba na nikeli. Nikeli safi hupoteza usumaku wake karibu digrii 355, lakini ukiichanganya na shaba kiwango hicho kinashuka hadi joto la chumbani. Karibu na kiwango hicho badiliko dogo mno la joto linaubadilisha usumaku wa chembe kwa kiasi kikubwa, na almasi inauona. Watafiti wa Hong Kong walionyesha jambo hilo mwaka 2018. Kwa njia hiyo chembe ya sumaku inakikuzia kipimajoto sauti.

Inaweza kufanyika ndani ya seli hai?

Kupima joto, ndiyo. Mwaka 2013 kikundi cha Mikhail Lukin huko Harvard kiliingiza almasi nano ndani ya seli ya binadamu pamoja na chembe za dhahabu, kikazipasha dhahabu kwa leza na kusoma joto pale pale ndani. Kugundua molekuli kwa njia ya joto ndani ya seli ni mlima mwingine, kwani huwezi kuosha ndani ya seli, na bila kuosha chembe zilizoshika na zisizoshika zinatoa joto pamoja.

Chembe hizi ni hatari?

Oksidi ya chuma ni miongoni mwa chembe nano zilizozoeleka zaidi katika tiba, na mwili una njia ya kuitumia chuma yake. Kwa vipimo vya nje ya mwili hatari kubwa zaidi iko kwenye koili: usivae pete wala saa ya metali karibu nayo, na mwenye kifaa cha moyo mwilini asiikaribie kabisa. Unga mkavu wa chembe usiupulizie hewani. Fanya kazi nao ukiwa ndani ya kimiminika.

Mimi ni mwanafunzi. Nianzie wapi?

Anza na maji matupu. Tengeneza koili yako, weka kipimajoto chako, washa kwa dakika tano na uandike kinachotokea bila chembe hata moja. Usiende mbele mpaka mstari huo uwe umelala. Kisha weka chembe zisizo na kingamwili, za uzito unaoujua, na upime wati kwa gramu kutokana na mwinuko wa sekunde za mwanzo, kabla joto halijaanza kuvuja. Halafu punguza kiasi kwa nusu, na nusu tena, mpaka ishara izame. Hapo umejua idadi ya chembe ambazo kifaa chako kinaweza kuhesabu.

Kingamwili ziingie baada ya hapo, na anza na biotini (vitamini ndogo) na streptavidini (protini inayoishika) kwanza. Hushikana kwa nguvu isiyo ya kawaida, hivyo mambo yasipoenda sawa utajua tatizo halipo kwenye kushikana, na utarudi kuangalia uoshaji wako na waya zako.